Naetwe na Wapiga Filimbi wa Iganda

"Wimbo mrefu haupigwi kwa pumzi moja."

Maneno hayo mmeyasikia leo asubuhi kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja, mwenyekiti alipomwambia Senkondo aache kung'ang'ania kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia, peke yake ili asifiwe. Mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza: Bibi, wimbo umeingiaje kwenye tope? Mmeuliza vizuri. Endeleeni kuchambua hayo maharage, mikono haina masikio. Nitawaeleza msemo huo ulivyozaliwa, na sitawaeleza ya kusimuliwa. Nilikuwapo ulipotamkwa mara ya kwanza, na siku hiyo midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa kupuliza.

Wakati huo barabara ya magari ilikuwa haijafika hapa Iganda. Aliyetaka chumvi, mafuta ya taa au kitambaa alishuka kwa miguu mpaka gulioni, huko tambarare, kila Alhamisi, akapanda tena siku hiyo hiyo. Njia ile mnaijua, siku hizi ni ya mbuzi. Katikati yake pana mahali panaitwa Kibambazo. Pale njia hupita ukingoni mwa genge la mwamba, nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Jua likiwaka, hata mtoto hupita akiimba. Lakini miezi ya baridi ukungu hushuka kutoka msituni bila kupiga hodi, na ukishatanda, vidole vya miguu yako mwenyewe huvioni.

Ndiyo sababu Iganda ilikuwa na wapiga filimbi. Mzee Mbonea ndiye aliyekuwa mkuu wetu, na filimbi zote alizitengeneza yeye. Alichukua vipande vya bati vilivyobaki kwenye uezekaji, akavikunja juu ya nondo vikawa vibomba, akatoboa matundu sita, akatia kipande cha mti mdomoni. Tulikuwa sita. Ukungu ukitanda siku ya gulio, tulipanda kwenye jiwe kubwa pale njia inapofikia kijijini, tukawapigia waliokuwa njiani. Kila mtu wa Iganda alijua maana yake tangu utotoni. Ukisikia wimbo, wenye kupanda na kushuka, ufuate, njoo. Ukisikia sauti moja tu iliyonyooka kama kamba, simama ulipo, usiinue mguu.

Na jambo moja lilikuwa kubwa kuliko yote: filimbi zisinyamaze. Mtu aliyepotea kwenye ukungu akikosa sauti ya kushika, hatulii. Hofu humwinua akaanza kupapasa. Kwa hiyo tulipokezana. Huyu akivuta pumzi, yule yumo ndani ya wimbo. Yule akivuta, huyu amesharudi. Aliyekuwa bondeni alisikia wimbo mmoja usiokatika.

Naetwe alikuja mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Yeye alikuwa na kumi na tisa, amemaliza shule mjini Same, amekuja kukaa kwa shangazi yake, Mama Nanzia. Alikuja na filimbi yake ya dukani, inang'aa, mdomo wake wa kijani. Jioni ya pili akakaa pale tunapochota maji akapiga. Wanangu, yule msichana alijua! Vidole vyake vilikimbia kama mvua juu ya majani ya mgomba. Nilisimama na ndoo kichwani mpaka maji yakanimwagikia shingoni, na sikuondoka.

Kesho yake mchana akaja uani kwa Mzee Mbonea. Mimi na kaka yangu Kiangi tulikuwapo, tunamsaidia kukunja bati.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Jana tumekusikia. Mlima mzima umekusikia."

"Nataka kujiunga nanyi," akasema. Hakusema "naomba", akasema "nataka". Alikuwa na haki ya kujiamini.

"Karibu. Namkunda, Kiangi, chukueni zenu mpige naye."

Tukapiga wote watatu. Yeye akatutangulia, akatuzunguka, akaturukia kama mwanambuzi. Tulipomaliza Mzee Mbonea akatikisa kichwa taratibu kwa furaha, kisha akamwuliza: "Vidole vyako vimebarikiwa. Sasa niambie, Namkunda amevuta pumzi wapi?"

Naetwe akacheka. "Babu, mimi nilikuwa napiga. Pumzi za dada Namkunda nitazijulia wapi?"

"Basi utaanzia hapo," Mzee akasema, akarudi kwenye bati lake.

Kwa wiki tatu akapewa kazi ya kushika sauti. Katika kila wimbo alipiga sauti ile moja tu iliyonyooka, kujaza nafasi wenzake wanapovuta hewa. Alifanya, lakini kwa shingo upande. Siku moja tukifua mtoni akaniambia, "Dada Namkunda, hii kazi hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Nilidhani mmenikaribisha kwa ajili ya ninachokijua."

Nikaendelea kukamua nguo. Sitawaficha, nilimwonea wivu kidogo, na sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi kumwona ameshikishwa sauti moja. Sehemu nyingine ilimwona ana haki.

Ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa saba. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshuka gulioni, Mama Nanzia akiwa mmoja wao. Wenzetu watatu wa filimbi walikuwa wamekwenda harusini kijiji cha pili. Wapiga filimbi waliobaki nyumbani walikuwa Mzee Mbonea, Kiangi, mimi na Naetwe. Saa nane mchana nilikuwa shambani napalilia. Nikainua macho nione jua liko wapi, nikakuta hakuna jua, hakuna mlima, hakuna hata ncha ya jembe langu.

Kabla sijajifunga kanga vizuri nikasikia filimbi. Ilikuwa ile ya dukani. Naetwe alikuwa jiweni, amefika kabla ya sisi wote, na hakungoja mtu. Alianza wimbo wa kuitia, akautia manjonjo yake yote. Nilipokuwa napapasa kuelekea kule nilisikia kutoka chini sauti ya Mama Nanzia, ile inayojulikana mlima mzima: "Huuuu!" Nikajua wamesikia, na wamekaribia Kibambazo. Nikajisemea, leo watafika mapema.

Tulipofika jiweni, Mzee Mbonea akampungia Naetwe mkono, alama yetu ya kusema: punguza sauti, tupokezane. Naetwe akamwona. Akatikisa kichwa. Baadaye aliniambia alichokuwa anafikiri: shangazi yangu yuko kule, na hapa hakuna mwenye pumzi kama yangu, nikipunguza sauti nitampoteza. Akafumba macho akaongeza nguvu.

Tukaingia nasi, lakini filimbi yake ilikuwa kali kuliko za bati zetu, naye alipuliza kwa nguvu zote. Kiangi alikuwa bega kwa bega nami na sikumsikia. Usipomsikia mwenzio huwezi kujua anavuta lini. Kila mmoja wetu akawa anavuta anapobahatisha.

Ndipo pumzi ya Naetwe ikaisha katikati ya mstari. Na katika kipande hicho hicho cha muda, sisi watatu tulikuwa tumetoa filimbi midomoni tunavuta hewa.

Kimya.

Hakikuwa kirefu. Ungeweza kutaja jina la mtu mara mbili tu. Lakini ng'ambo ya bonde kuna jabali, na lile jabali likarudisha mstari wa mwisho aliokuwa ameupiga. Mwangwi ukaja safi kabisa, kama mtu anayepiga kutoka upande wa pili. Kisha tukamsikia Mama Nanzia akiitikia.

"Huuuu!"

Sauti ilitoka kushoto.

Naetwe akafumbua macho. Mzee Mbonea hakumpigia kelele. Akamwuliza polepole, "Binti, umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Imetoka wapi?"

"Kushoto." Akageukia bonde. "Kushoto kuna genge. Babu, wanafuata mwangwi. Wanaelekea gengeni!"

Mzee alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni. Alipuliza ile sauti moja iliyonyooka: simama, usiinue mguu. Nikaipokea. Kiangi akaipokea kwangu. Tukasikiliza. Kule chini hapakuwa na hatua wala jiwe lililoporomoka. Walikuwa wamesimama, lakini wamesimama wapi hakuna aliyejua.

"Kiangi," Mzee akasema wakati mimi nimeshika sauti, "chukua kamba ya ng'ombe kwa Mama Mrutu, ushuke. Shika ukuta wa mlima kwa mkono wa kulia, usiuachie. Ukiwafikia wote, piga tatu fupi. Sisi hatutakatiza."

"Itachukua muda, Mzee. Kwenda taratibu hivyo ni saa nzima."

"Basi ni saa nzima. Nenda."

Tukabaki watatu, mzee wa miaka sabini, mimi na Naetwe.  Naetwe alipopokea sauti kwangu kwa mara ya kwanza ilitikisika kama moto wa kibatari. Akaishika kwa muda mrefu mno, uso ukamvimba, mishipa ya shingo ikamtoka, maana alitaka kulipa kosa lake lote kwa pumzi moja. Alipotuachia, alituachia ghafla. Nusura sauti ianguke, nikaidaka kwa mkia.

Mzee Mbonea akasogea karibu na sikio lake. Nakumbuka maneno yake kwa sababu mimi pia niliyahitaji. "Mwanangu, usingoje pumzi iishe ndipo umpokeze mwenzio. Mpokeze ungali nayo. Atakuja. Mwamini kwamba atakuja."

Naetwe akaitikia kwa macho. Zamu yake ilipofika tena akaipokea, akaishika kwa kiasi, na kabla haijachoka akanitazama. Nikaingia. Akatoka. Hapakuwa na mshono. Kuanzia hapo nilimwona akibadilika mbele yangu. Aliacha kutazama bonde, akawa anatutazama vifua. Aligundua jambo ambalo mimi, mwenye miaka saba kwenye kundi, sikuwa nimeligundua: Mzee Mbonea alikuwa anaishiwa pumzi kabla ya mahali pake, na kwa aibu ya kiume alikuwa analificha. Naetwe akawa anaingia mapema kidogo, kila mara, bila kumwonyesha mtu yeyote kwamba anamfunika. Wivu wangu uliniisha pale pale juu ya jiwe.

Lakini baridi ya ukungu huingia kifuani. Labda nusu saa ilikuwa imepita Mzee Mbonea alipokohoa. Akajaribu tena, kikohozi kikamkunja akakaa chini. Akanyoosha mkono kutuambia tuendelee. Tukaendelea wawili. Wanangu, jaribuni siku moja kupuliza na mwenzio mkipokezana bila kupumzika. Kichwa huwa chepesi, masikio huvuma, na midomo huwaka kama umekula pilipili. Nilianza kuona nukta nyeusi. Nikajua siwezi kufika saa nzima, na nilimwona Naetwe naye amejua.

Nyuma yetu walikuwa wamekusanyika watu, wake na mama za wale waliokuwa chini, wamesimama wamejitanda kanga. Hawakuwa wapiga filimbi. Walikuwa wamekuja kungoja.

Naetwe akanipokeza sauti, akageuka. Akaichukua filimbi ya Mzee Mbonea pale majanini, na ile ya akiba aliyokuwa ameiacha Kiangi, akamwendea mama wa kwanza aliyekuwa karibu, Mama Mrutu.

"Mama, shika hii."

"Mimi? Mwanangu, mimi sijui kupiga!"

"Huhitaji kujua kupiga. Sauti ni moja tu. Ziba matundu haya matatu ya juu, hivi. Puliza kama unapoza uji wa mtoto. Usipulize kwa nguvu." Akaushika mkono wa yule mama, akampanga vidole. "Ukimwona dada Namkunda ananyanyua nyusi, ingia. Mimi nikikugusa bega, acha. Haya, pumua kwanza."

Mama Mrutu akapuliza. Ilitoka kama paka aliyekanyagwa. Naetwe akasema, "Polepole zaidi," bila kucheka wala kukasirika. Ya pili ikatoka nyoofu.

Nilinyanyua nyusi, akaingia. Nikavuta hewa ndefu, tamu kama maziwa. Nilikuwa nimelia bila kujua.

Naetwe akamfundisha wa pili, kisha akampa wa tatu filimbi yake mwenyewe, ile ya dukani. Filimbi nne zikawa zinazunguka kwenye midomo ya wanawake saba, na yeye katikati, anagusa bega hili, anatazama kifua kile, akikuta pengo linakuja anaingia yeye kwa filimbi yoyote iliyo karibu. Yule aliyenung'unika kwamba kazi ile ni ya mtoto wa darasa la kwanza sasa alikuwa anaifundisha kwa watu wazima kana kwamba duniani hakuna kazi nyingine. Sauti ilinenepa. Ikatulia. Ilikuwa imenyooka juu ya bonde na hakuna aliyekuwa na wasiwasi tena kwamba itakatika. Mimi, niliyekuwa naona nukta nyeusi, nilihisi tunaweza kushika mpaka asubuhi.

Kisha kutoka chini ikaja filimbi ya Kiangi: fupi, fupi, fupi.

Mtu mmoja akapiga kigelegele. Naetwe akainua mkono kumnyamazisha, akanitazama, na kwa pamoja tukaingia kwenye wimbo wa kuitia, wale akina mama wakiwa wameshika sauti yao chini yetu kama sakafu. Hakutia manjonjo hata moja. Tuliwavuta kwa wimbo ule hatua kwa hatua, mpaka kamba ikatokea ndani ya weupe, na mikono ya Kiangi, na nyuma yake kumi na wawili wameshikana nguo kama vipofu. Tuliwahesabu kwa kuwagusa.

Mama Nanzia alikuwa wa mwisho. Kikapu chake hakikuwapo. "Kimekwenda," akasema. "Nilikiweka chini nishike jani, nikakisikia kinaanguka, na sikukisikia kikifika. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekosa ardhi. Ndipo ile sauti ikasema simama." Akakaa pale pale njiani, watu wakamfunika kanga.

Miongoni mwao alikuwamo mchuuzi wa vitambaa kutoka tambarare, mgeni wa njia yetu, aliyepanda pamoja na wale kumi na mmoja wetu. Yeye hakuweza kunyamaza. Alikuwa akizunguka akiuliza, "Nani huyo? Nionyesheni huyo mtu! Nimesimama gizani mwa ukungu saa nzima nikimsikiliza, hakuvuta hewa hata mara moja. Nani ana mapafu ya namna hiyo?"

"Ni nani mwingine?" Mama Nanzia akasema kwa fahari, akamsukuma Naetwe mbele. "Ni huyu hapa, mtoto wa kaka yangu. Ametoka Same. Hapa mlimani hakuna wa kumfikia."

Watu wote wakamtazama. Hii ndiyo ilikuwa sifa aliyoitamani tangu siku ya kwanza pale tunapochota maji, na ililetwa mbele yake nzima nzima. Naetwe akajifuta damu mdomoni kwa kiganja. Akamtazama Mama Mrutu, ambaye bado alikuwa ameziba matundu yake matatu kama vile anaogopa kuyaachia. Akamtazama Mzee Mbonea aliyekaa chini anakohoa, na mimi.

"Hapana, Shangazi," akasema. "Wimbo mrefu haupigwi kwa pumzi moja."

Hakulisema neno hilo kwa unyenyekevu wa kujifanya. Alilisema kama mtu anavyotaja kitu alichokishika kwa mkono. Mchuuzi akalirudia polepole apate kulikumbuka. Alhamisi iliyofuata, waliotoka gulioni wakatuambia kwamba kule chini wanalisema: wapagazi wanaobadilishana mzigo, wanawake wanaotwanga kinuni kwa zamu, mwalimu mmoja akiwaambia wazazi juu ya ujenzi wa darasa. Likapanda milima mingine na miguu ya watu.

Naetwe hakurudi Same. Mzee Mbonea alipofariki, miaka mitatu baadaye, yeye ndiye aliyetuongoza, na wakati huo hatukuwa sita tena. Tulikuwa thelathini na mmoja, wengi wao wanawake, na Mama Mrutu alikuwa anapiga nyimbo nzima. Mgeni akija kujiunga, awe hodari namna gani, Naetwe alimkalisha katikati yetu na kumwambia asipige kwanza, atusikilize tunavyovuta hewa. Na tangu Alhamisi ile mpaka barabara ilipofika, hatukupoteza mtu hata mmoja pale Kibambazo. Wengine walisema ni bahati. Mimi niliyesimama juu ya jiwe najua kwamba hakuna hata mmoja wetu, si Mzee Mbonea, si mimi, wala si Naetwe na vidole vyake vilivyobarikiwa, ambaye angeweza kuwashika watu wale kumi na wawili peke yake.

Basi mtakapoliona jambo kubwa kuliko kifua cha mtu mmoja, msione haya kumpokeza mwenzenu, na mpokezeni mngali na nguvu. Mwambieni na anayetaka kulibeba lote yeye, tena mwambieni kwa upole kama nilivyolisikia mimi: wimbo mrefu haupigwi kwa pumzi moja.